Rangi ya Tumbawe na Rangi ya Taa

Kipande kimoja cha tumbawe kinaweza kuwa na sura mbili usiku mmoja. Chini ya taa nyeupe ya sebuleni huonekana kahawia, kama strungi iliyokaa kwenye birika tangu asubuhi. Taa hiyo ikizimwa na ya buluu ikawashwa, kipande kile kile hutoa kijani kikali, kingo zake zikawaka rangi ya chungwa, na anayetazama akadhani amebadilishiwa. Hajabadilishiwa kitu. Kilichobadilika ni mwanga peke yake.

Katika tangi la maji ya chumvi nyumbani, taa ya buluu hufanya kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuonyesha rangi ambayo tayari imo mwilini mwa tumbawe, na hiyo hutokea papo hapo. Ya pili ni kumchochea mnyama huyu atengeneze rangi zaidi, jambo linalochukua wiki kadhaa na ambalo huenda lisitokee kabisa. Anayedhani ni kazi moja hununua rangi ya taa akiamini amenunua rangi ya tumbawe.

Tumbawe ni mnyama, ijapokuwa halina miguu wala macho. Kila kipande ni koloni ya polipi, viumbe vidogo laini vyenye mdomo uliozungukwa na mikono myembamba, ambavyo hujijengea mifupa ya chokaa. Mawe ya matumbawe ndiyo yaliyojenga nyumba za Lamu na msikiti mkuu wa Gedi. Ndani ya nyama ya polipi huishi mwani wa chembe moja uitwao zooksantela. Mwani huu hutumia mwanga kutengeneza sukari kwa usanisinuru, kama jani la mchai, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha mwenye nyumba. Lakini mwani huo si wa kijani. Pamoja na klorofili umebeba kemikali nyingine, peridinini, inayoufanya uwe wa kahawia inayoelekea dhahabu. Kwa hiyo rangi ya msingi ya tumbawe lenye afya na lililoshiba ni kahawia. Kijani, zambarau, waridi na buluu zinazotafutwa na wafugaji hutengenezwa na mnyama mwenyewe, juu ya kahawia hiyo.

Mwanga unaomfikia mnyama huyu baharini si ule unaoangukia shamba la chai. Maji hunyonya rangi za jua kwa zamu. Nyekundu hufifia katika mita chache za mwanzo, chungwa na njano hufuata, na buluu ndiyo husafiri mbali zaidi. Mzamiaji akijikata kidole kwenye kina cha mita 20, damu huonekana kijani au nyeusi, kwa sababu hakuna mwanga mwekundu uliobaki wa kuirudishia rangi yake. Matumbawe ya Watamu au Kisite yanayoishi kwenye mteremko wa mwamba huoga mwanga wa buluu mchana kutwa, na mwani ulio ndani yake unaweza kuutumia vizuri, maana klorofili hunyonya buluu kwa wingi. Taa ya buluu tangini basi si pambo la disko. Inakaribia ule mwanga ambao mnyama huyu ameishi nao tangu zamani.

Siri ya kung'aa iko kwenye jambo liitwalo fluoresensi. Kitu chenye sifa hii hunyonya mwanga wa rangi moja na kuutoa ukiwa na rangi nyingine, kwa kawaida yenye nguvu ndogo kuliko ile iliyoingia. Karani wa benki hulitumia jambo hili kila siku anapopitisha noti chini ya taa ya urujuanimno, na alama ambazo macho hayakuziona zikajitokeza. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga hung'aa ukumbini kwa sababu hiyo hiyo. Tumbawe lina protini za aina hii. Hupokea buluu, ambayo urefu wa mawimbi yake ni kama nanomita 450, na kutoa kijani cha karibu nanomita 510. Nyingine hutoa samawati, njano, chungwa au nyekundu.

Mjapani Siro Kawaguti aliandika kuhusu kemikali ya kijani inayong'aa katika matumbawe ya visiwa vya Palau mwaka 1944. Mwishoni mwa miaka ya 1950, René Catala, aliyeanzisha akwariamu ya Nouméa katika kisiwa cha New Caledonia, aliwaonyesha wageni matumbawe ya kina kirefu yakiwaka gizani chini ya taa ya urujuanimno. Hakuna aliyejua wakati huo ni kitu gani hasa kinachowaka. Jibu lilianzia kwa kiwavi wa baharini, yule anayewasha ngozi za waogeleaji. Mwaka 1962 Osamu Shimomura na wenzake walieleza protini ya kijani waliyoitoa katika kiwavi aitwaye Aequorea victoria, na ugunduzi huo ukampa Shimomura sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008, pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien. Mwaka 1999 watafiti wa Urusi walionyesha kwamba jamii ya matumbawe nayo ina protini za ukoo huo, ikiwemo nyekundu waliyoipata kwa Discosoma, kiumbe laini kama uyoga anayefugwa sana majumbani. Hawakuhitaji meli ya utafiti: viumbe walivyochunguza walitoka kwenye matangi ya maji ya chumvi mjini Moscow, mji usio na bahari. Leo protini hiyo nyekundu hutumika katika maabara za tiba duniani kote kufuatilia chembe hai chini ya hadubini.

Si kila rangi ya tumbawe huwaka. Kuna kundi la pili la protini, ndugu wa zile za kwanza, ambazo hunyonya mwanga wa njano na wa chungwa bila kutoa kitu. Rangi inayobaki na kurudi machoni huwa zambarau, waridi au buluu ya wino. Ncha za zambarau za matawi ya tumbawe liitwalo Acropora mara nyingi ni za kundi hili. Protini hizi zinahitaji mwanga mweupe ili zionekane. Chini ya buluu tupu rangi yao hupotea, kama kitambaa chekundu kinavyokuwa cheusi chumbani mwenye taa ya buluu. Ndiyo sababu mfugaji mwenye Acropora nzuri ya waridi hushangaa ikifa rangi kila jioni taa nyeupe zinapozimika, huku jirani yake wa kijani aliyepooza mchana kutwa akigeuka kuwa malkia wa tangi. Taa ya buluu huwapendelea wanaowaka na kuwaficha wasiowaka.

Hadi hapa taa imeonyesha tu. Swali gumu zaidi ni kama inaweza kutengeneza, na watu wa nchi ya chai wana mfano wake mlangoni. Mwaka 2011 kituo cha utafiti wa chai kilichoko Timbilil, Kericho, kilitoa kwa wakulima aina ya mchai iitwayo TRFK 306, maarufu kama chai ya zambarau. Chipukizi zake ni za zambarau kwa sababu zimejaa anthosianini, na majani yakikomaa hurudia kijani. Wanasayansi wa mimea hueleza kwamba, katika mimea mingi, anthosianini hulikinga jani changa dhidi ya jua kali kabla halijawa na uwezo wa kuutumia mwanga wote unaoliangukia. Ni mwavuli ambao jani hujifumia lenyewe. Mchai na tumbawe hawana undugu wowote, na kemikali zao ni tofauti kabisa, lakini tatizo lao ni lilelile: mwanga ni chakula, na ukizidi ni moto.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wakiwemo Cecilia D'Angelo na Jörg Wiedenmann, walichapisha majaribio waliyofanya kwa matumbawe yaliyofugwa maabarani. Waliweka vipande chini ya taa za rangi mbalimbali kisha wakapima protini zilizotengenezwa. Buluu ndiyo iliyoamsha utengenezaji huo kuliko rangi nyingine, na iliamsha zote mbili, zinazowaka na zisizowaka. Jambo la maana kwa mfugaji ni kwamba aina hazikuitika kwa kiwango kimoja. Baadhi ya protini zilianza kuongezeka kwa mwanga hafifu, nyingine zikasubiri mwanga mkali ndipo ziamke. Hivyo tumbawe lililokaa chini kabisa ya tangi linaweza kuwa na kijani kizuri na lisipate zambarau yake kamwe, hata taa ikae mwaka mzima.

Kwenye mwanga mkali protini hizi ni mwavuli wa tumbawe, kama anthosianini kwa mchai. Kwenye kina kirefu mwavuli huo hauna maana, kwa kuwa hakuna jua la kukinga, na bado matumbawe ya huko huwaka chungwa na nyekundu. Hapa protini hufanya kazi kinyume. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wa kundi hilo hilo la Southampton na wenzao, ulionyesha kwamba protini nyekundu hubadilisha buluu ya kilindini kuwa chungwa na nyekundu, mwanga unaopenya ndani zaidi ya nyama ya tumbawe na kuufikia mwani uliojificha chini. Protini za aina hii huzaliwa kijani, kisha hugeuka nyekundu zikipigwa na mwanga wa urujuani. Ya kwanza kujulikana, iliyotolewa katika tumbawe la Trachyphyllia na kutangazwa Japani mwaka 2002, iligundulika kwa bahati: sampuli ya kijani iliachwa mezani mwa maabara ikapigwa na mwanga wa dirishani, na ikageuka nyekundu. Wajapani waliipa jina Kaede, mti ambao majani yake hubadilika rangi vivyo hivyo.

Taa zenyewe zimebadilika sana. Wafugaji wa zamani walitegemea taa za gesi zenye joto jingi na mirija ya fluoresenti, wakizichagua kwa namba za kelvini: 10,000 ikiwa nyeupe yenye ubaridi, 14,000 ikielekea buluu, na 20,000 ikiwa buluu hasa. Mageuzi yalikuja baada ya mwaka 1993, Shuji Nakamura alipofanikiwa kutengeneza LED ya buluu yenye mwanga mkali katika kampuni ya Nichia. Kazi hiyo, pamoja na ya Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, ilipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Leo taa moja ya tangi huwa na safu kadhaa za LED: urujuani wa karibu nanomita 420, buluu ya 450 hadi 470, na nyeupe, kila safu ikiwa na swichi yake. Nyekundu na kijani huwekwa pia, ila kwa kipimo kidogo, na nyekundu nyingi huunufaisha zaidi mwani mbaya wa kwenye vioo.

Hapo ndipo macho yanapomdanganya mwenye tangi. Jicho la binadamu huona vizuri zaidi mwanga wa kijani kibichi wa nanomita 555. Buluu ya nanomita 450 yenye nguvu ile ile huonekana hafifu mno, chini ya sehemu 1 kati ya 20. Tangi linaloonekana lina kiza kama chumba cha sinema linaweza kuwa linamwagiwa mwanga wa kutosha kulichoma tumbawe. Kipima mwanga cha simu hakisaidii, kwa kuwa kimeundwa kufuata jicho. Kipimo kinachofaa ni kile kinachohesabu mwanga unaotumika katika usanisinuru, ambao huandikwa kwa maikromoli kwa kila mita mraba kwa sekunde. Matumbawe laini na yale yenye polipi nono huridhika na kati ya 50 na 150. Acropora na jamaa zake huhitaji kati ya 200 na 400. Saa 8 hadi 10 za mwanga kwa siku zinatosha, na giza la usiku ni lazima.

Tumbawe jipya halipandishwi mara moja hadi kwenye mwanga mkali. Mkulima wa Bomet anayeotesha miche ya chai analijua hili bila kufundishwa. Kipandikizi chenye jani moja hukaa kitaluni chini ya kivuli na karatasi ya nailoni, na kikishaota mizizi kivuli hupunguzwa kidogo kidogo mpaka mche uzoee jua. Mfugaji wa matumbawe hufanya vivyo hivyo. Huanzia chini ya tangi, au hupunguza taa hadi nusu, kisha huongeza kwa muda wa wiki tatu au nne. Mfanano hauishii hapo. Miche ya chai ya TRFK 6/8 iliyoenea mashambani ni nakala za mti mmoja, na vipande vya tumbawe vinavyouzwa ni nakala za koloni moja vilevile, vimekatwa kwa msumeno na kugandishwa kwenye vigae. Nakala mbili za koloni moja, zikiwekwa kwenye matangi mawili yenye taa tofauti, zinaweza baada ya miezi mitatu kuonekana kama hazijawahi kujuana.

Wala taa haifanyi kazi peke yake. Maji yenye naitreti na fosfati nyingi hunenepesha mwani, na kahawia yake hufunika kila rangi ya mnyama. Maji yasiyo na virutubisho kabisa humwacha mnyama na njaa, akapauka. Wafugaji wengi hufukuzia rangi za peremende kwa kulinyima tangi chakula, na uamuzi huo ni wa hatari kuliko wanavyokiri. Baharini joto likizidi, tumbawe hufukuza mwani wake na kubaki jeupe. Ndilo lililoyapata matumbawe ya pwani ya Kenya mwaka 1998, mwaka wa El Niño, na sehemu kubwa yakafa. Ila kuna upaukaji wa namna ya pili. Badala ya weupe, tumbawe huwaka waridi, zambarau au njano kali. Utafiti uliochapishwa na watu wa Southampton mwaka 2020 ulieleza kwa nini: mwani ukiondoka, buluu iliyokuwa ikinyonywa nao hubaki ikirukaruka kati ya nyama na mifupa myeupe, na mnyama hujibu kwa kutengeneza protini za rangi kwa wingi, ili ajikinge na kuuandalia mwani nafasi ya kurudi. Rangi ya kupendeza kupita kiasi inaweza kuwa kilio cha mgonjwa.

Kufuga matumbawe Kericho au Bomet, zaidi ya kilomita 700 kwa barabara kutoka Mombasa na karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kuna mambo yake. Joto la maji linalotakiwa ni nyuzi 24 hadi 27, na usiku wa Julai nje hushuka hadi karibu 10, kwa hiyo kipasha maji huwa muhimu kuliko taa. Stima ikipotea usiku kucha, kitakachoua tangi ni baridi na ukosefu wa hewa. Giza la siku moja tumbawe hulivumilia. Maji ya bahari hutengenezwa nyumbani kwa chumvi maalumu, gramu 35 hivi kwa kila lita. Mvua ya nchi ya chai ni nyingi na huvutia, lakini maji yaliyopita juu ya mabati hubeba zinki, na zinki, kama shaba, ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo. Yachujwe kwanza kwa mtambo unaoondoa madini. Matumbawe yenye mifupa yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, hivyo hayavushwi mpaka bila kibali, na katika hifadhi za bahari kama za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hairuhusiwi kung'oa hata kipande. Njia safi ni kununua vipande vilivyokuzwa tangini.

Picha za matangazo hazina budi kutazamwa kwa jicho la mashaka. Nyingi hupigwa chini ya buluu tupu, kamera ikiwa imefunikwa kioo cha njano au cha chungwa kinachozuia buluu na kuuacha mng'ao peke yake upite. Picha ya namna hiyo si uongo, lakini hakuna anayeishi amevaa miwani ya chungwa sebuleni kwake. Anayenunua tumbawe amwombe muuzaji awashe taa nyeupe kwa dakika moja, aangalie kama kahawia ya mwani ingalipo chini ya rangi, kisha ndipo atoe pesa.